Shahidi Hapewi Kitu

Saskatchewan, Januari. Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri,
nami nimeketi mezani na kalamu ya bluu,
maana wakili amesema bluu,
ili nakala isijifanye asili.

Orest, shemeji yangu, alianguka
kati ya trekta na ghala la ngano.
Wasia alikuwa nao, msimseme vibaya:
ndani ya kopo la kahawa, kwa penseli,
na doa la grisi mahali pa sahihi.
Akaunti ya benki ikaganda kuliko ziwa.
Mashine ya kuvunia ikalala mavuno mawili
huku ndugu wa tumbo moja wakisalimiana kupitia mawakili,
na kila barua ikimega ekari.
Bima ya maisha ilikwenda kwa Noreen,
mke wa kwanza, aliyeondoka na mwuza matairi
miaka kumi na tisa kabla ya mazishi.
Hakuiba. Jina lake ndilo lililokuwa kwenye fomu.
Fomu haijui talaka.
Alituma shada la maua, kubwa kuliko yote.

Kwa hiyo nagawa, nikiwa bado na akili na meno kadhaa.
Shamba, ekari mia nne na themanini: Halyna,
ndiye aliyebaki akinuka dizeli pamoja nami.
Taras atanuna. Atasema watoto ni sawa.
Watoto ni sawa, mwanangu, ila ardhi si mkate;
ukiikata vipande vitatu, hakuna anayeshiba.
Wewe na Ksenia mtapata bima. Majina nimeyabadilisha,
nimengoja kwenye simu saa nzima
nikisikiliza kinanda kisicho na mpigaji,
na sikukata.
Deni la trekta nimeliandika pia, mpaka senti.
Kumwachia mtu mali ukamficha deni
ni kumzawadia ng'ombe
bila kumwambia kwamba hupiga teke.

Atakayesema mashine ya kupumulia izimwe: Ksenia.
Si kwamba ananipenda kidogo.
Yeye pekee haogopi ukimya.
Nywila zimo katika daftari la kijani,
nyuma ya chupa za matango ya siki.

Saa tisa alasiri waliingia wawili,
Odette wa posta na jirani yangu Anselm,
theluji imewafika magotini.
Mashahidi, wakili alisema, wawe watu wazima
wasio na chao ndani ya karatasi.
Nikawakatia pai.
Odette alikwisha toa kalamu yake mwenyewe,
haamini kalamu za watu.
Anselm akavaa miwani, akanyoosha mkono.

Mkono ule.
Uliozoa theluji mlangoni pangu
mwaka wa kwanza wa ujane, bila hodi.
Uliomvuta ndama usiku wa manane,
ukanawa kwenye sinki yangu, ukaenda zake.
Nikakumbuka ukurasa wa nne,
mstari nilioupita kila jioni tangu majani yaanguke:
nyumba ndogo ya kando ya kijito, na mbwa,
akae humo maisha yake yote, fulani.
Fulani! Mwanamke wa miaka sabini na moja,
naandika fulani.

"Usisaini," nikamwambia.
"Nimekosea wapi?"
"Shahidi hapewi kitu, Anselm."

Odette akaitazama pai kwa makini
kana kwamba kuna anwani juu yake.
Anselm akailaza kalamu kama mtu anayelaza yai,
akavua miwani, akaifuta,
akaifuta tena, ilikuwa safi.

Tukampigia simu dereva wa greda la theluji.
Alikuja, hakuvua buti.
Nilisaini mbele yao, Darka Hrynkiw, kwa bluu,
pale palipokuwa fulani pana jina.
Dereva akasaini bila kuuliza lolote,
akala kipande cha Anselm,
kilichokuwa kimepoa hapo bila kuguswa.